Opinel Na. 8 ya kutembea nayo kila siku: kaboni au inox? Na ukilinganisha na Cadet, Delica na Okapi?

Mwenye_Kinoo

Wakuu, kila anayeuliza kisu cha kukunja cha kutembea nacho kila siku huambiwa achukue Opinel Na. 8. Ushauri huo si mbaya, ila unaacha jambo ambalo ndilo huamua kama mtu atakipenda kisu au atakisahau kwenye droo: maji. Opinel ni mbao na chuma, na maji huviharibu vyote viwili visipotunzwa. Naomba tulinganishe visu vinavyotajwa zaidi. Kila mwenye kukijua kimoja aeleze kinakata nini vizuri na kinakwama wapi.

Nianze na Opinel yenyewe. Na. 8 ina bapa la sm 8.5, mpini wa mbao ya hêtre (mti wa Ulaya, kwa Kiingereza beech), na uzito wa gramu 45 hivi. Sehemu zake ni tano tu: bapa, mpini, ribiti, pete ya shingoni isiyosogea, na pete ya juu yake inayozunguka kufunga. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890. Pete ya kufunga, Virobloc, ilibuniwa na Marcel Opinel mwaka 1955. Tangu mwaka 2000 pete hiyo inafunga bapa likiwa wazi na likiwa limekunjwa pia. Ukinunua kilichokwisha kutumiwa cha kabla ya hapo, jua kwamba mfukoni hakifungiki.

Kwa kukata, hakuna cha bei yake kinachokifikia. Mgongo haufiki mm 2, na bapa linapungua unene taratibu mpaka kwenye makali. Nanasi, kitunguu, mkate, nyama isiyo na mfupa, vyote linapita bila kuvipasua kabla ya kuvikata. Kisu kinene, hata kama kimenolewa kikawa kama wembe, hupasua karoti, hiki hukata.

Sasa kaboni na inox, yaani chuma kisichoshika kutu kwa urahisi. Tazama muhuri wa bapa: mkono wenye taji, jina OPINEL, na neno CARBONE au INOX. Cha kaboni ni chuma cha XC90, cha inox ni aina ya 12C27. Kaboni hunoleka haraka zaidi, mapito machache tu kwenye kinoo na makali yamerudi. Lakini kikigusa ndimu au embe bichi hubadilika rangi ndani ya dakika, kikawa kijivu chenye ubuluu, na siku za mwanzo chakula hupata ladha ya chuma. Kwangu mimi, kaboni ni ya mtu anayekata na kufuta, kukata na kufuta. Asiye na tabia hiyo achukue inox.

Pwani_Inox

Mkuu, naongeza kwa watu wa Tanga, Mombasa, Unguja na kwingine ambako hewa yenyewe ina chumvi. Kwa huku kaboni sishauri kabisa kwa kisu cha mfukoni. Tatizo si ndimu, tatizo ni jasho. Kisu kinakaa mfukoni saa kumi, kitambaa kimelowa jasho, na bapa limejificha ndani ya mfereji wa mbao usiopitisha hewa. Kutu inaanzia pale usipopaona: kwenye kitako cha bapa, karibu na ribiti. Ukija kuiona kwenye makali, ndani imeshakula.

Aliyekwisha kununua kaboni asikitupe. Afanye hivi: aoshe bapa kwa sabuni mpaka mafuta yote yatoke, alikaushe, alizamishe kwenye siki ya uvuguvugu kwa dakika 20 hadi 30, mbao isiguse siki. Alitoe, alisuuze, alifute mara moja. Linatoka na rangi ya kijivu iliyoiva. Rangi hiyo ni ngozi nyembamba inayopunguza kasi ya kutu, haiizuii. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bapa na jingine kwenye ribiti. Ukiona rangi ya machungwa, hiyo ni kutu yenyewe na iondolewe siku hiyohiyo kwa msasa wa maji namba 1000 wenye mafuta.

Msipake mafuta ya kupikia. Yakikaa yanaganda yakawa kama gundi, bapa linakuwa zito kufunguka, na harufu yake inaingia kwenye chakula.

Seremala_Randa

Watu wengi wanaolalamika kuhusu Opinel wanalalamika jambo moja: mbao imevimba, kisu hakifunguki. Hili lina dawa, na ni vizuri lielezwe vizuri maana wengine huvunja kucha au huvuta bapa kwa koleo wakalichubua.

Mbao ya hêtre hunywa maji upesi. Ikivimba, mashavu mawili ya shingo yanalibana bapa kwenye ribiti. Kwanza kikaushe. Siku mbili tatu kivulini penye upepo. Usikiweke juani wala karibu na jiko, mbao hupasuka kwenye mstari wa ribiti na hapo kisu kimekwisha. Kikiwa bado kimebana, fungua pete, shika mpini mfereji ukitazama chini, vidole visiwe mbele ya mfereji, ugonge ukingo wa kitako cha mpini juu ya ubao mgumu. Bapa huchomoza kidogo, ukalimalizia kwa vidole. Wenyeji wa Savoie wenyewe ndivyo wanavyofanya.

Kikikauka kabisa na bado kizito, tatizo ni nafasi ndogo shingoni tangu kiwandani. Viringisha bapa kwa utepe ili usijikate. Zungusha pete hadi mwanya wake ulingane na mfereji, ingiza koleo ya kupanulia pete, ipanue kiasi cha kutoka kwenye mfuo tu. Ukiizidisha haitarudi kubana. Kunja kipande cha msasa namba 220 juu ya kadi ngumu, pitisha kati ya shavu na bapa mara kumi kila upande, jaribu, rudia. Ondoa kidogo kidogo. Mbao uliyoiondoa huirudishi.

Kisha mafuta. Tumia linsidi (mafuta ya mbegu za kitani) ya mafundi samani. Weka chupa ndani ya maji ya moto ili yawe mepesi, paka kwa brashi ndani ya mfereji na shingoni, subiri dakika 15, futa yaliyobaki juu, acha saa 24. Rudia mara tatu. Kitambaa ulichofutia kitandaze nje kikauke, usikikunje ukakitupa kwenye pipa: linsidi hutoa joto inapokauka, na kitambaa kilichofinyangwa huweza kuwaka chenyewe. Asiye na linsidi apake mafuta ya mgando shingoni, ayayeyushe kwa upepo wa moto wa mashine ya kukaushia nywele ili yaingie kwenye ribiti. Hayadumu kama linsidi, lakini yanazuia maji.

Upande wa pili wa jambo hili ni ukavu. Dodoma wakati wa kiangazi, au Turkana, mbao husinyaa, bapa likaanza kucheza kushoto na kulia. Usikimbilie kupiga ribiti nyundo. Paka mafuta kwanza, maana ukiikaza wakati wa ukavu, mvua zikija hakitafunguka tena.

Fundi_Waya

Opinel ni kizuri, lakini ni bapa na basi. Anayefanya kazi za umeme, simu, au kufungua vifaa kila saa atafaidika zaidi na Victorinox Cadet. Urefu wake ukiwa umekunjwa ni mm 84, uzito gramu 46, mabamba ya mpini ni ya aluminiamu yenye vichuguu vidogo, hayavimbi wala hayanyauki. Ina bapa moja, tupa ya kucha, kifungua kopo na kifungua chupa.

Vitu ambavyo wengi hawavijui: ncha ya kifungua kopo inaingia vizuri kwenye skrubu za nyota za kawaida, ukubwa wa kati. Ncha ya kifungua chupa ni bisibisi bapa, na chini yake kuna pengo la kuchunia waya. Ingiza waya kwenye pengo, zungusha kidogo, vuta. Waya usiwe na umeme, mpini ni chuma tupu na utakupiga. Na kifungua kopo cha Victorinox kinakwenda mbele. Shika kopo, weka mdomo chini ya ukingo, inua, songa mbele, inua. Anayekivuta nyuma ndiye anayesema hakikati.

Chuma chake ni laini kuliko cha Spyderco na hata kuliko Opinel inox kidogo, karibu 56 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell. Maana yake makali yanachoka mapema ukikata maboksi, lakini hayameguki, na hata chini ya kikombe cha udongo kisichopakwa rangi unaweza kuyarudisha.

Uchafu ukiingia kwenye springi na kisu kikawa kizito, kizamishe kwenye maji ya uvuguvugu, ukifungue na kukifunga ndani ya maji mara kumi kumi kila kifaa, kikaushe, tone la mafuta kwenye kila kiungo. Usichokonoe kwa sindano, unasukuma mchanga ndani zaidi.

Mwana_wa_Lamu

Fundi, umesahau kusema Cadet haina kufuli. Springi tu ndiyo inayoshika bapa. Ukichoma nalo kitu kigumu, mfano plastiki nene ya dumu, linaweza kujikunja juu ya vidole.

Fundi_Waya

Kweli kabisa, ndugu. Kwa kutoboa usitumie bapa. Chukua Pioneer badala ya Cadet: mm 93, gramu 71, ina msumari wa kutobolea mahali pa tupa ya kucha. Msumari huo una makali upande mmoja, kwa hiyo unazungusha upande wa makali, plastiki au ngozi inachongeka duara. Anayebeba kwa ajili ya mikanda, viatu na madumu, Pioneer inafaa kuliko Cadet hata kama ni nzito.

Leicester_Msafiri

Assalaam alaikum. Kwa Waswahili tulioko Uingereza, hili la kufuli ni suala la sheria kabla ya kuwa suala la vidole. Sheria ya mwaka 1988, kifungu cha 139, inaruhusu kubeba hadharani bila kutoa sababu kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sm 7.62. Mahakama zimeshaamua kwamba kisu chenye kufuli hakimo kwenye ruhusa hiyo. Opinel Na. 8 inashindwa mara mbili: ni ndefu na ina pete ya kufunga. Unahitaji sababu ya msingi ya kuwa nayo njiani, na "huwa natembea nayo" si sababu.

Anayependa umbo la Opinel achukue Na. 5. Bapa ni sm 6, na namba hiyo kushuka chini hazina Virobloc. Pete ya kufunga huanzia Na. 6. Cadet nayo inapita. Ujerumani nako wanaangalia jambo jingine: kisu chenye kufuli kinachofunguka kwa mkono mmoja hakiruhusiwi kubebwa hadharani bila sababu inayokubalika, kwa hiyo Delica huko ni matatizo. Na popote pale, ukisafiri kwa ndege kisu kiende kwenye begi linaloingia chini, hata kiwe kidogo namna gani.

Kamba_na_Boksi

Nami niisemee Delica 4, maana nayo ina nafasi yake. Inatengenezwa Seki, Japani, kwa ajili ya Spyderco ya Marekani. Chuma chake cha kawaida ni VG-10, bapa sm 7.3 hivi, gramu 71, mpini wa nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo, na ndani una mabamba membamba ya chuma yaliyotobolewa kupunguza uzito. Tundu la duara kwenye bapa ndilo linalokufungulia kwa dole gumba, hata ukiwa umeshika mzigo kwa mkono wa pili. Klipu inahamishika sehemu nne, wa kushoto na wa kulia wote wamehesabiwa.

Kwa mtu wa ghala, anayekata kamba za katani, mikanda ya plastiki na maboksi siku nzima, hapa Opinel haipo. Kufungua pete kwa mikono miwili mara mia kwa siku ni kazi nyingine. VG-10 inashika makali muda mrefu, lakini ina hulka mbili. Ya kwanza, ukigonga pini za maboksi au mfupa, makali humeguka vipande vidogo sana ambavyo huvioni lakini unavihisi kisu kikianza kukwaruza badala ya kukata. Ya pili, ukikinoa, ule mkunjo mwembamba wa chuma unaobaki kwenye makali ni mbishi kutoka. Watu wanafikiri kisu kimenoleka, kinanyoa nywele, kesho yake ni butu. Hakikuwa butu, mkunjo ulikuwa haujaondolewa.

Angalizo la usalama: kufuli iko mgongoni, jino linaingia kwenye pengo la kitako cha bapa. Nyuzi za mfuko wa suruali hujazana humo. Kila wiki fungua kisu, bonyeza kufuli, safisha pengo kwa njiti ya meno, kisha hakikisha mkono wa kufuli umelala sawa na mgongo wa mpini. Ukiinuka hata kidogo, jino halijaingia lote, na kisu chaweza kufunga ukikisukuma.

Na bandia ni nyingi mno. Bei ikiwa robo ya bei ya kawaida, si Delica, hata sanduku liwe zuri vipi.

Mama_Shamba

Mbona hakuna anayeitaja Okapi? Ndicho kisu Afrika inachokijua. Kilianza Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya soko la makoloni ya Afrika, na tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Bei yake ni ndogo, chuma cha kaboni, na mpini wa mbao wenye nyota na mwezi.

Seremala_Randa

Umefanya vema kukitaja, mama. Okapi yenye pete hufungwa na springi ya mgongoni, na unapofungua unasikia mlio wa meno yake. Kuifunga unavuta pete ndogo iliyo mgongoni mwa mpini, ndipo bapa linaachia. Kwa kukata matunda, kamba na kuchonga vijiti kinatosha, na kinanoleka upesi kwa kinoo chochote.

Kasoro zake ni za umaliziaji. Kagua kabla ya kununua: bapa liwe katikati ya mfereji likiwa limekunjwa, lisiguse upande, ribiti zisiwe na ncha zinazokwaruza kitambaa, vuta pete mara kumi uone kama inarudi yenyewe. Bapa likicheza, ribiti ya mhimili inakazwa kwa nyundo ndogo, kisu kikiwa juu ya chuma kilicholala sawa, mapigo mepesi, ukijaribu baada ya kila mapigo mawili. Tofauti na Opinel, hapa nyundo inaruhusiwa, kwa sababu mpini umeshikwa na ribiti na springi, si shingo ya mbao peke yake. Jambo la kuzingatia ni sura yake. Afrika Kusini na Jamaika kina jina la kisu cha ugomvi, na polisi wa huko hukitazama kwa jicho hilo.

Mwenye_Kinoo

Ahsanteni, mama na seremala. Niseme la kunoa, kwa kuwa visu vyote hivi hutoka kiwandani vikiwa vikali na kuharibiwa na vinoo vya kuvuta vyenye mdomo wa V. Vinaparua chuma, vinatengeneza bonde karibu na mpini, na baada ya miezi kisu hakigusi ubao wa kukatia pale katikati.

Tumia kinoo bapa, namba 400 kwa kilichobutuka kabisa, namba 1000 kwa kawaida. Kiloweshe. Pembe ya nyuzi 20 kila upande inatosha kwa vyote vinne, na huhitaji kifaa cha kupimia. Kwa Opinel Na. 8, inua mgongo mm 6 hivi kutoka kwenye kinoo. Kwa Cadet, bapa lake jembamba, mm 4. Weka sarafu mbili tatu chini ya mgongo mara ya kwanza, mkono uzoee, kisha uziondoe.

Noa upande mmoja tu mpaka uhisi chuma kimejikunja upande wa juu, kuanzia karibu na mpini hadi nchani. Unakihisi kwa kupitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe si kufuata urefu wa makali. Ukikipata kote, geuza. Wanaokosea wanageuza mapema, wananoa nusu saa, kisu hakikati. Malizia kwa mapito mepesi, moja upande huu moja upande ule, uzito wa kisu chenyewe tu, mara kumi. Kwa VG-10 inua mgongo kidogo zaidi katika mapito mawili ya mwisho ili ule mkunjo ukatike, kisha mkanda wa zamani wa ngozi, ukivuta kinyumenyume.

Opinel ina jambo lake: makali yanaishia karibu kabisa na pete. Usilazimishe pete ipande juu ya kinoo, itakwaruza kinoo na kuacha sehemu ya nyuma bila kunolewa. Noa kwenye ukingo wa kinoo, pete ibaki nje.

Mwana_wa_Lamu

Swali la mwisho, mkuu. Kisu ni cha kusafishia samaki wadogo na kukatia chambo chomboni, maji ya chumvi kila siku. Nisikie kwako: Opinel inox au Cadet?

Mwenye_Kinoo

Kwa chambo na samaki, Opinel inox, kwa sababu bapa ni refu na jembamba, na mfereji ulio wazi unasafishika. Cadet ina viungo vingi vilivyofichika, magamba na damu vitaganda kwenye springi. Ila fanya kazi ya Seremala kwanza: linsidi mara tatu kabla hakijashuka baharini. Kila ukimaliza, suuza kwa maji baridi, shingo uimiminie vizuri, zungusha pete huku na huku ndani ya maji ili chumvi itoke chini yake. Kifute, kining'inize kikiwa wazi mfereji ukitazama chini, na usikikunje mpaka kikauke. Inox nayo hushika kutu ya vidoa ikifungiwa na chumvi usiku kucha.

Pwani_Inox

Na chini ya pete paka mafuta ya mgando kila wiki, si ya cherehani. Ya cherehani huoshwa na bahari siku ya kwanza.